Baridi ya Namanyere, Joto la Kirando: Mwendesha Baiskeli Avae Nini?

Mtu anayetoka Namanyere kwa baiskeli saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, akielekea Kirando, anavaa kwa ajili ya siku mbili zilizobanwa ndani ya siku moja. Anapoondoka bado ni giza. Pumzi yake inaonekana kama moshi kwenye mwanga wa tochi, na vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba hana hakika kama ameshika breki au la. Saa chache baadaye yuko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jasho linamtiririka, na lile sweta alilolishukuru alfajiri sasa ni mzigo tu. Kisha kuna kurudi, akiwa na tenga la dagaa au migebuka kwenye keria, akipanda mlima mwili ukichemka, hadi juu anakopokewa tena na upepo wa jioni.

Mji wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga, upande wa kusini mashariki, iko juu zaidi, karibu mita 1,800. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, kwa hiyo kati ya Namanyere na ziwani kuna tofauti ya nyuzi kama tano hata kabla ya kuhesabu upepo. Na kwa mtu wa baiskeli, upepo ndio unaoamua mambo.

Chukua asubuhi ya nyuzi 10, ambayo si ajabu Ufipa wakati wa kipupwe. Aliyesimama mlangoni pake ataiona ni baridi ya kawaida ya Juni. Lakini baiskeli ikishika mteremko kwa kilomita 40 kwa saa, upepo wa mwendo wenyewe unampiga kifuani, na ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba nje kuna nyuzi sita. Akikutana na upepo wa kiangazi unaovuma uwandani, hali inakuwa kali zaidi. Tena kwenye mteremko miguu haifanyi kazi. Mwili uliokuwa ukijipasha moto kwa kunyonga pedeli unaacha ghafla kutengeneza joto, wakati ambao baridi ndiyo imezidi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaongeza sweta, na wakiendelea kusikia baridi wanaongeza la pili. Sweta la sufu ni zuri kwa mtu aliyekaa kando ya moto au anayetembea polepole, kwa sababu joto lake linatokana na hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Upepo wa mteremko unapenya kwenye matundu ya sweta na kuifukuza hewa hiyo yote. Kinachohitajika ni kitu chembamba cha kuziba upepo juu ya sweta, na jaketi jepesi la nailoni linatosha. Sweta moja lenye nailoni juu yake lina joto kuliko masweta mawili yaliyo wazi, na nailoni yenyewe ikikunjwa inaingia mfukoni.

Asiye na jaketi la namna hiyo anaweza kufanya kama walivyofanya mabingwa wa Ulaya kwa miaka mingi. Katika mashindano ya Tour de France, waendesha baiskeli waliofika kilele cha mlima wakiwa wamelowa jasho walikuwa wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji, wanayasukumiza ndani ya jezi mbele ya kifua, kisha wanaachia breki. Gazeti huzuia upepo, hunyonya unyevu kidogo, na likifika bondeni hutupwa. Kiroba kitupu cha unga, kikikatwa matundu ya kichwa na mikono na kuvaliwa chini ya shati, hufanya kazi ile ile. Wapo vijana wa Ufipa wanaofanya hivyo na kuona aibu, wakidhani ni dalili ya umaskini. Kumbe wanajua jambo ambalo wanamichezo wa kulipwa walilitegemea milimani.

Jambo la pili ni jasho. Pamba ni kitambaa ambacho Ufipa inakijua kwa undani; katika karne ya 19 Wafipa walilima pamba yao, wakaisokota na kuifuma nguo kwa mikono, nguo ambazo wasafiri waliopita huko waliziandika kwenye kumbukumbu zao. Kwa matembezi ya mchana, au kwa safari fupi ya kwenda sokoni na kurudi, fulana ya pamba haina kasoro. Shida yake huanza kwenye mlima mrefu. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Mtu aliyepanda mlima akaloa, kisha akaanza kushuka, amevaa kitambaa kibichi cha kumpoza kama mtungi. Fulana ya poliesta, ya aina ile wanayovaa wachezaji wa mpira, hukauka haraka zaidi. Sufu nyembamba nayo ni nzuri, kwa sababu hata ikiloa hubaki na joto kiasi. Ndiyo maana jezi za mashindano zilikuwa za sufu kwa miongo mingi kabla ya nyuzi za viwandani. Mwenye fulana za pamba peke yake abebe ya pili kavu kwenye mfuko wa nailoni, aibadilishe juu kabla ya kushuka. Dakika mbili hizo ni nafuu kuliko kutetemeka mteremko mzima.

Hayo yanamhusu mtu wa safari. Anayebeba mzigo ana hesabu nyingine.

Gunia la mahindi la kilo 100 kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix haliendi kasi. Kwenye tambarare baiskeli hiyo inatembea kilomita kama 12 kwa saa, na kwenye mlima mwenyewe anashuka anasukuma. Nguo za kubana wanazovaa wanamashindano hazimsaidii chochote. Nguvu ya upepo unaomzuia mtu hukua kwa mraba wa mwendo: anayekwenda kilomita 36 kwa saa anasukumana na upepo wenye nguvu mara tisa ya ule unaompinga anayekwenda 12. Kwa huyo wa 36, shati linalopepea ni breki. Kwa huyo wa 12, shati pana lililofunguliwa vifungo viwili linamwingizia hewa na kumpoza anaposukuma. Anachohitaji zaidi ni suruali ngumu yenye nafasi magotini, na viatu.

Kuhusu viatu kuna kisa cha Julai 14, 2016, ambacho dunia nzima ilikiona kwenye televisheni. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa baiskeli ujanani na Mkenya David Kinjah, alikuwa akipanda mlima Ventoux nchini Ufaransa akiwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi wa Tour de France. Watu walikuwa wamejaa barabarani, pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama, waendesha baiskeli wakaigonga, na baiskeli ya Froome ikavunjika. Akaanza kukimbia mlimani kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa vya mashindano, vyenye soli ngumu isiyopinda na kipande cha plastiki chini cha kunasia kwenye pedeli. Kila hatua ilikuwa kama ya mtu anayekimbia juu ya vigae. Viatu vile humfaa mtu asiyetarajia kukanyaga ardhi kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho. Anayejua kwamba nusu ya njia atasukuma anahitaji raba yenye soli bapa inayoshika pedeli na kushika udongo. Katambuga za tairi zinashika vizuri na hazichakai upesi, ila zinaacha vidole wazi kwenye baridi. Soksi nzito ndani yake, hata kama haipendezi machoni, ni jibu zuri. Ndala ndizo za kuepuka. Ndala ikiloa inateleza kwenye pedeli, mguu unaondoka, na pedeli inarudi na kumpiga mtu kwenye muundi.

Suruali nayo ina adui wake, cheni. Baiskeli za zamani za Raleigh, na baadhi ya Swala zilizotengenezwa nchini, zilikuwa na kifuniko cha bati kilichoziba cheni. Nyingi zinazotembea leo zimebaki na cheni iliyo wazi, na mguu wa kulia wa suruali pana unaliwa kidogo kidogo na grisi mpaka siku unaponaswa kabisa. Dawa yake ni kuuchomeka ndani ya soksi au kuufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Kipande hicho mafundi wengi humpa mtu bure.

Kwa mwanamke aliyevaa kitenge au sketi ya shule hatari ni kubwa zaidi, hasa akiwa amebebwa nyuma kwenye keria, kwa sababu pindo linaning'inia karibu na spoki. Fremu ya kike, ile yenye bomba lililoshuka chini, ilibuniwa ili mwenye gauni apande bila kurusha mguu, lakini haizuii nguo kuingia kwenye gurudumu. Wanaosafiri mara kwa mara huvaa taiti au suruali nyepesi ndani, kisha wanaukusanya upande mmoja wa kitenge na kuufunga fundo juu ya goti. Wengine hufunga wavu au kipande cha turubai kila upande wa gurudumu la nyuma. Na kama kitenge kimeshanaswa kwenye cheni, kukivuta ni kukichana. Baiskeli isimamishwe, pedeli izungushwe kinyumenyume polepole, na kitambaa kitoke kwa njia ile ile kilikoingilia, jino kwa jino.

Yupo pia anayesafiri mbali bila mzigo mkubwa: mwalimu, mhudumu wa afya wa kijijini, kijana anayetoka Namanyere kwenda Sumbawanga kwa lami na kukaa juu ya siti saa sita. Maumivu yake yapo mahali pamoja, na watu wengi wanaona haya kuyataja. Makalio na mapaja yanachubuka. Mchubuko ukichanganyika na jasho na uchafu unaleta majipu, na majipu yanamtoa mtu barabarani kwa wiki nzima.

Kwa ajili hiyo ilibuniwa bukta ya baiskeli yenye pedi. Zamani ilikuwa ya sufu, na ndani yake ilishonewa ngozi laini ya mnyama wa milima ya Ulaya anayefanana na mbuzi. Ngozi ile ilikauka na kukakamaa kila ilipofuliwa, ikabidi ipakwe mafuta kabla ya safari. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont ya Marekani alivumbua uzi unaovutika na kurudi kama mpira, ule uliokuja kuitwa laikra. Kufikia miaka ya 1970 uzi huo ulikuwa umeshaingia kwenye bukta za mashindano, na leo mahali pa ngozi pana sponji iliyofunikwa kitambaa laini kisicho na mishono katikati.

Bukta hiyo ina masharti ambayo muuzaji wa mitumba hayasemi. Haivaliwi na chupi ndani. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua, na pedi imekusudiwa kugusa ngozi. Hufuliwa kila baada ya safari na kuanikwa juani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Haiazimwi. Mafuta ya mgando yakipakwa kidogo kwenye mikunjo ya mapaja kabla ya kuondoka yanasaidia sana. Kwa anayeona bukta ya kubana haina heshima barabarani, na Ufipa wapo wengi wenye maoni hayo, hakuna ubaya kuivaa chini ya suruali pana au sketi. Pedi inafanya kazi yake bila kuonekana.

Upande wa mashindano mambo haya yamekwenda mbali. Septemba 2025 mji wa Kigali, katika nchi jirani, uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Waliotazama waliona nguo za kipande kimoja zilizobana mwili mzima, zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepigania sekunde. Bila shaka Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuchukua jezi ya kijani, amewafanya vijana wengi wa Afrika Mashariki kuitamani jezi kama ile. Waitamani, ni nguo ya kazi kama zilivyo nyingine. Ila ina mifuko mitatu midogo mgongoni, haina kola ya kukinga jua, na ikikwaruza kichaka cha miiba mara moja imekwisha.

Kwa njia za vumbi, zinazofanana zaidi na za Nkasi, mfano bora uko Kenya. Tangu 2021 katika nyika za Maasai Mara hufanyika mashindano ya siku nne yaitwayo Migration Gravel Race, kwenye udongo, mawe na tope. Kwa njia za namna hiyo mtu huhitaji glavu zinazofunika vidole, na miwani, kwa sababu kokoto inayorushwa na gari haichagui pa kupiga. Agosti hadi Oktoba, vumbi la barabara za vijijini Ufipa likiwa jekundu na laini kama unga, miwani ya bei ndogo na kitambaa cha kufunika pua vina thamani kuliko jezi yoyote. Glavu za kazi za kitambaa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi zinatosha kabisa. Zinazuia baridi asubuhi na malengelenge mchana.

Kuanzia Novemba hadi Aprili adui anabadilika. Koti la mvua pana, lile la kuvaa kichwani na kuangukia pande zote, humfaa mwenda kwa miguu, lakini kwenye baiskeli upepo unalijaza kama tanga na pindo lake linatafuta gurudumu. Afadhali jaketi fupi la mvua lenye zipu, lililo refu kidogo nyuma ili maji ya tairi yasipande mgongoni pale ambapo madigadi imeng'oka. Miguu ikiloa si balaa ikiwa kifua ni kikavu.

Kuonekana ni jambo linalostahili uzito kuliko linavyopewa. Namanyere iko mbali sana magharibi, lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua lake huchomoza kama nusu saa baadaye. Julai, saa kumi na mbili asubuhi ni giza, na malori ya Sumbawanga na Mpanda yameshaamka. Koti jeusi au la kijivu, rangi zinazopendwa kwa sababu hazionyeshi uchafu, humfanya mtu apotee kwenye lami. Rangi kali ya njano au ya chungwa husaidia kunapokucha. Gizani kinachosaidia ni reflekta inayorudisha mwanga wa taa za gari. Watafiti wa Australia wamegundua kwamba madereva humtambua mwendesha baiskeli upesi zaidi reflekta zikifungwa pia magotini na vifundoni, kwa sababu zinapanda na kushuka, na jicho la dereva linajua mara moja kwamba pale mbele pana mtu. Ukanda wa reflekta uliokatwa kwenye kizibao kikuukuu cha bodaboda na kushonwa mguuni mwa suruali unatosha, na unafunga ule mguu wa kulia usiliwe na cheni.

Helmeti wengi huihusisha na pikipiki. Hata mabingwa waliikataa kwa muda mrefu, wakilalamikia joto, mpaka Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan alipoanguka katika mashindano ya Paris–Nice bila helmeti na kufariki. Mwaka huo huo ikawa lazima katika mashindano ya kimataifa. Kwa anayeshuka kwenda ziwani mara tatu kwa wiki hoja ya joto haipo kwenye mteremko wa alfajiri. Kofia nyembamba inayofunika masikio inakaa vizuri chini ya helmeti. Ile nene ya kukunja inaiinua, na helmeti iliyoinuka haikingi paji la uso.

Karibu vyote hivi hupatikana kwenye mitumba, kwa mwenye subira ya kuchambua rundo. Bukta ya laikra inavutwa kwa mikono miwili kuelekea kwenye mwanga: ikionyesha upande wa pili kama wavu, uzi umekufa na haitashika mwili. Pedi inabinywa kwa vidole. Isiporudi juu, sponji imelala moja kwa moja. Jaketi linapimwa kwa mdomo. Mnunuzi hukibana kitambaa midomoni na kupuliza kwa nguvu, mkono wake ukiwa upande wa pili. Akisikia pumzi kiganjani, upepo wa mteremko utapita vile vile, naye analirudisha rundoni na kuchukua lingine.

Atakalolichagua halitavaliwa siku nzima. Kwenye mteremko litafungwa zipu hadi kidevuni. Chini, joto likianza kupanda, litakunjwa na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni lisishike harufu ya dagaa, kisha lifungwe juu ya tenga kwa kamba ya mpira, mahali ambapo mkono unalifikia bila kufungua mzigo. Litapanda mlima hivyo, mwenyewe akisukuma kwa shati lililoloa mgongo mzima. Juu, kabla ya tambarare ya Namanyere, ndipo analifungua tena.